Tandika Leso Kwanza, Meza Baadaye

Wiki haipiti bila mteja kuingia kwenye karakana yetu ya samani hapa Mombasa na simu mkononi, picha ishafunguliwa: meza ya watu wanane, viti vya mahameli rangi ya maziwa, taa ya vioo inaning'inia katikati. "Fundi, nataka kama hii." Tunaitazama pamoja, na mara nyingi ni picha nzuri kweli. Kisha tunauliza mambo mawili ambayo picha haina majibu yake. Chumba chako ni futi ngapi? Na siku ya kawaida, si ya Idi wala ya harusi, hapo nyumbani hula watu wangapi?

Chumba cha kulia huanza kupambwa na majibu hayo mawili. Rangi, nakshi na vitambaa vyote vina nafasi yake, lakini vikitangulia, pesa hupotea.

Siku moja, Ramadhani ikikaribia, tuliitwa Tudor. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshachagua meza ya sentimita 240 kwa 110 na alitaka tumchongee kama ile ile. Chumba chenyewe ni futi kumi kwa kumi, yaani kama sentimita 305 kila upande. Sikutaka kubishana naye kwa hesabu. Nikamwomba leso mbili, yaani kanga za kujifunga. Leso moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110, kwa hiyo ukizipishanisha mbili sakafuni unapata umbo la meza kamili. Tukazitandika katikati ya chumba, tukaleta viti vya jikoni tukavizungusha, kila kimoja kimevutwa nyuma kama mtu anayetaka kukaa. Kisha nikamwambia, "Mama, chukua sinia uzunguke kama unayepakulia wageni."

Alifika kwenye pembe ya dirisha akasimama. Kiti cha mwisho kilikuwa kimegusa ukuta, na baina ya meza na dirisha palibaki sentimita 32. Akajaribu kupita kwa ubavu, sinia juu ya kichwa. Haikuwezekana. Akaiweka sinia chini, akakunja leso moja mwenyewe bila kuambiwa. "Haya mwanangu, nionyeshe inayoenea."

Tulimtengenezea meza ya 150 kwa 90. Upande wa ukuta tukaweka benchi badala ya viti, kwa sababu benchi husukumwa chini ya meza na njia ikabaki wazi. Hukaa watu sita pale, na hakuna anayeomba samahani akitaka kwenda kunawa.

Vipimo vyenyewe si siri ya fundi. Mtu mmoja anahitaji ukingo wa meza wa sentimita 60 ili kiwiko chake kisiingie kwenye sahani ya jirani. Meza iwe na kimo cha sentimita 75 na kiti kiwe cha 45. Hapo magoti yana pumzi. Kutoka ukingo wa meza hadi ukutani acha sentimita 90, na kama watu watapita nyuma ya waliokaa, ongeza ifike 110. Chumba cha mraba hupendeza na meza ya duara: kipenyo cha sentimita 120 hukaliwa na wanne kwa raha na sita kwa kubanana kidogo. Chumba chembamba kinataka meza ya mstatili. Pima pia mlango na ngazi. Tumeitwa zaidi ya mara moja kukata meza iliyonunuliwa kwingine kwa sababu haikupanda ghorofani, ndiyo maana zetu zote zina miguu ya kufungua.

Na wageni? Swali hili halikosi, na ni swali la haki, kwa sababu mji huu hauli peke yake. Lakini tuseme kweli: wakija watu kumi na tano kwa futari, nani huwaketisha mezani? Mkeka hutandikwa, sinia huletwa, watu huzunguka. Meza ya watu kumi na mbili inayojaa mara mbili kwa mwaka hukaa mwaka mzima imekula chumba. Ushauri wetu ni kuipanga nafasi ya mkeka tangu mwanzo. Chagua meza inayoweza kusukumwa kando, acha sakafu tupu ya kutosha mkeka mmoja mkubwa, na tundika mikeka ukutani au ikunje kwenye kapu refu karibu na mlango. Mkeka mzuri wa ukili wenye rangi ukitundikwa ni pambo tosha. Wateja wetu wengi huuficha nyuma ya kabati kana kwamba ni aibu, na mimi hunisikitisha hilo.

Sasa mbao. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko machozi mengi yanakotoka.

Kuna familia moja ya Nyali iliyotuita kutazama meza ya mvule, mbao nzito, nzuri, kazi ya fundi mwingine. Walikuwa wameiweka kwenye chumba chenye AC. Baada ya miezi michache ubao wa juu ulipasuka katikati, ufa wa kuingia sarafu. Wao walidhani wameuziwa mvule wa bandia. Nikalala chini ya meza na tochi. Mbao ilikuwa mvule halisi, ila ubao wa juu ulikuwa umekazwa kwa skrubu na gundi pande zote nne kwenye fremu, hauna pa kwenda.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, hata miaka mingi baada ya mti kukatwa. Hewa ya Mombasa ina unyevunyevu karibu mwaka mzima, na zaidi zile wiki za mvua za Mei. AC huukausha. Ubao uliozoea hewa ya bahari ukiingizwa kwenye chumba kikavu husinyaa, nao husinyaa kwa upana, urefu wake hausogei kitu. Meza yenye upana wa sentimita 90 inaweza kupungua kwa karibu sentimita moja. Ikizuiwa, lazima ipasuke. Mbao iliyokaushwa vizuri bara nayo ikiletwa huku hupata shida ya kinyume: hutanuka, na droo zinakwama.

Tiba yake ni ndogo tu ikifanywa mapema. Tunanunua mbao, tunazipanga kivulini uani kwetu na vijiti katikati ili hewa ipite, na hatuzigusi mpaka kipimo cha unyevu kitulie. Tunamuuliza mteja kama chumba kina AC. Kisha tundu la skrubu inayoshika ubao wa juu tunalifanya refu kidogo, ili ubao usogee bila kuvunjika. Vanishi tunapaka juu na chini. Ukienda kununua meza popote, ingiza mkono uvungu wake upapase. Ukikuta mbao mbichi yenye nyuzi, haina vanishi, ujue upande mmoja utakunywa unyevu kuliko mwingine na meza itapinda kama ganda la chaza.

Kuhusu aina za mbao: mvule na mbambakofi hustahimili pwani, na milango ya kale ya huku ni ushahidi tosha, ila bei yake imepanda. Mwembe una rangi ya kupendeza na bei nafuu, lakini usipotiwa dawa wadudu huutoboa. Ukiona unga laini sakafuni chini ya meza, usingoje. Mbao za majahazi makuukuu ninazipenda sana, rangi zake za samawati na nyekundu zilizochakaa haziigiki, na zinafaa zaidi benchi au rafu kuliko meza, kwa sababu matundu ya misumari hukusanya chakula. Mbao za unga uliogandishwa kwa gundi zina kazi yake kwenye rafu za juu. Kwa miguu ya meza, hapana. Nyumba zetu hupigwa deki kila asubuhi. Maji yanapanda, mguu unavimba kama mkate kwenye chai.

Vyuma pia. Ukikaa karibu na bahari, miguu ya chuma cha kawaida itashika kutu hata chini ya rangi. Skrubu zetu za viti ni za shaba.

Viti vya mahameli rangi ya maziwa mteja akivitaka nitamtengenezea, lakini nitamwambia kwanza. Bizari ya pilau haitoki kwenye mahameli, na jasho la Februari halikawii kukaa humo. Ngozi ya bandia kwa joto letu hubabuka na kuacha magamba kwenye nguo za watu. Wazee walilijua hili: viti vya enzi vya pwani vilikuwa vya mpingo, lakini kalio na mgongo vilisukwa kwa kamba, hewa inapita. Tunasuka viti kwa namna hiyo hadi leo, na juu tunaweka mto mwembamba wenye foronya ya kuvuliwa na kufuliwa. Ukitaka rangi, rangi iwe hapo. Nenda Biashara Street uchague leso yenye pindo lililokukaa moyoni, ukate foronya sita, badilisha kila msimu. Gharama yake hata haikaribii ya kiti kimoja kipya.

Taa na feni hugombana katika kila nyumba ya Mombasa. Picha za mitandaoni zinaonyesha taa inayoning'inia katikati ya meza, sentimita 75 hadi 85 juu ya ubao, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Lakini hapo hapo katikati ya dari ndipo feni ilipo, na bila feni hakuna atakayemaliza biriani lake. Ukiweka taa juu ya mapanga ya feni, kivuli kitakuwa kinakata kata juu ya sahani mpaka watu waumwe na kichwa. Tunachofanya ni kuisogeza meza itoke katikati ya chumba, feni ipeperushe kutoka ubavuni, na taa ipate sehemu yake peke yake. Hata chakula hakipoi haraka. Kama dari ni fupi, acha taa ya kuning'inia kabisa, weka mbili za ukutani. Mapanga ya feni yasishuke chini ya sentimita 210 kutoka sakafuni, hasa kama una vijana warefu. Na unaponunua balbu, soma kwenye boksi: tafuta 2700K hadi 3000K, ndio mwanga wa manjano. Chini ya balbu nyeupe ya 6500K, samaki wa kupaka anaonekana kama amelala jana.

Kuta hazihitaji mengi. Rangi nyeupe ya chokaa, mbao nyeusi, na kitu kimoja cha kutazamwa. Majumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18 yana kuta nzima za zidaka, vishimo vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu, ndani yake vyombo vya kaure. Huna haja ya ukuta mzima. Zidaka tatu upande unaotazama mlango, birika la bibi yako, bakuli la kaure, dele la kahawa, basi. Usichimbe ukuta bila kujua kilicho ndani yake. Sisi hujenga zidaka za mbao juu ya ukuta. Kama ukuta wako unatoa chumvi na rangi inababuka, usiufunike kwa rangi ya mafuta. Tafuta kwanza maji yanakoingilia.

Kuja kupima nyumbani kwako hatutozi, kisiwani, Nyali, Kisauni hadi Bamburi. Likoni pia tunavuka, ila tunaomba iwe asubuhi kabla feri haijajaa. Kazi ya meza na viti sita huchukua wiki tano hadi saba, zaidi kama ni mvua. Ukitupigia, tuambie upana wa mlango, idadi ya wanaokula kila siku, na kama kuna AC. Leso mbili ziwe karibu.