Shukrani kwa mama wa foleni, Changamwe

Kwa yule mama tuliyepanga foleni pamoja kwenye duka la dawa za mifugo, mimi nikiwa na kitoto cha nguruwe kikapuni: ahsante sana, mamangu. Ulinizuia kununua chupa, maziwa yasije yakamwingia mapafuni. Mpe kwenye kisahani, ukasema, kidogo kidogo, hata usiku. Ukanikumbusha sindano ya madini ya chuma, na kwamba joto letu hili la Mombasa (nani angedhani!) halimtoshi mchanga asiye na mama, awekewe taa. Wiki ya 3 nikaanza kumlowekea chakula cha vitoto vya nguruwe kwa maziwa, nikikifanya kizito polepole. Sasa anakula kikavu, maji anayapindua makusudi. Jina sikukuuliza. Ukipita Mikindani, ulizia nguruwe mwenye kelele.