Mifupa ya kuku wa jana isitupwe, ipikiwe pilau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wapishi wenzangu. Kuku wa Jumapili akibaki mgongo, mbavu na vipande viwili vitatu vya paja, wengi huvipasha kwenye kikaango wakagawana, na wa mwisho hukosa. Mabaki hayohayo yanalisha watu 6, mradi mifupa isitupwe.

Chambua nyama yote, uiweke kando. Kama kuku ni wa kuchoma, bandua ngozi iliyoungua, maana ndiyo inayotia supu uchungu. Mifupa ibandike na maji lita 2, kitunguu kimoja, kipande cha tangawizi na punje chache za pilipili manga. Chumvi usitie: kuku alishakolezwa jana, na supu ikipungua chumvi huzidi. Ichemke kwa moto mdogo saa moja, kisha uichuje vizuri, kwani vipande vidogo vya mfupa ni hatari kwa watoto.

Roweka mchele vikombe 3 kwa nusu saa. Kaanga vitunguu maji 3 kwenye robo kikombe cha mafuta mpaka viwe kahawia iliyokolea. Hapo ndipo pilau inapopata rangi yake, haihitaji rangi ya dukani. Vikiwa vyeusi, vimwage uanze upya. Hakuna kiungo kinachofunika uchungu huo. Tia kijiko cha kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, iliki 4, karafuu 4, mdalasini na viazi 4. Viungo vikitoa harufu, mimina supu vikombe 4 na nusu, na sasa ndipo uonje chumvi. Ikichemka, tia mchele.

Nyama isitangulie! Imekwisha kuiva, na ikichemshwa tena pamoja na mchele inakuwa nyuzi kavu. Subiri supu ikaribie kukauka, uitandaze, geuza mara moja taratibu, funika, palia makaa juu ya mfuniko na upunguze ya chini. Dakika 15 zinatosha kuipasha mpaka ndani. Mwenye gesi aache moto mdogo kabisa.

Nasisitiza hili: kuku aliyelala mezani usiku kucha asipikwe, hata kama hanuki. Wapo bakteria wanaoacha sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Aingie kwenye friji ndani ya saa 2 baada ya kula, na joto la Pwani likipanda sana, saa 1; humo atumike ndani ya siku 3. Nyumba isiyo na friji, kuku wa mchana abandikwe mara tu watu wanaponawa mikono, aliwe jioni hiyohiyo.

Supu itakayobaki ikamulie ndimu, watoto wanywe wakisubiri pilau.

Mama Lishe,
Tanga