Risala ya Klabu ya Amani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Walinda Amani

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, tarehe 29 Mei, Siku ya Kimataifa ya Walinda Amani. Nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka huu tumeamua kumzungumzia askari mmoja tu, Praiveti Chancy Chitete wa Malawi. Novemba 2018, askari wa Malawi na wa jeshi letu la Tanzania, JWTZ, walio chini ya MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, waliwakabili waasi wa kundi la ADF karibu na mji wa Beni, mashariki mwa Kongo. Wananchi wa Beni walikuwa na balaa mbili kwa wakati mmoja: waasi waliokuwa wakiwaua, na Ebola, ambayo wahudumu wa afya walishindwa kuidhibiti ipasavyo kwa sababu ya mashambulizi hayo.

Mapigano yalipopamba moto, ikabidi wanajeshi warudi nyuma. Chitete akamwona koplo wa Tanzania yuko chini, amejeruhiwa vibaya, hawezi kusogea, na risasi zinamfikia pale alipo. Anayerudi nyuma katika hali ile hutafuta kificho, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alimfuata majeruhi peke yake, akamburuta hadi mahali penye usalama kidogo, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Mikono inayozuia damu ya mwenzako haiwezi kushika bunduki. Akiwa katika kazi hiyo alipigwa risasi, akapoteza maisha. Koplo wetu alipona.

Hawakuwa wa nchi moja wala jeshi moja. Jambo hili limetugusa kuliko yote.

Mei 2019, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliikabidhi familia ya Chitete nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, yule mlinda amani Msenegali aliyeokoa mamia ya watu nchini Rwanda mwaka 1994 bila silaha, naye akauawa Kigali.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Vita vya Kagera tunavisoma, na ni haki. Lakini waliofia Kongo, wakiwemo askari wetu waliouawa huko Semuliki mwaka 2017, darasani bado hatujawasoma. Tunaomba utusemee kwa wahusika ili habari zao ziingie vitabuni, na jina la Chitete liwemo, ingawa hakuwa Mtanzania.

Tunaomba kuwasilisha.