Mwanangu, kuhusu lile swali lako la marubani

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza, mama na hayo magoti yako unaenda kupanda milima kwa ajili ya marubani wa kizungu wa zamani, wanakuhusu nini? Nikacheka nikakata maana zamu ilikuwa inaanza. Sasa nimekaa, mguu umo kwenye beseni la maji ya chumvi, ngoja nikujibu.

Kwanza wengi wao hawakufa, ndo habari yenyewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Waingereza na Wamarekani zikitunguliwa huku Ubelgiji, waliosalimika walifichwa nyumba hadi nyumba Wajerumani wasiwakamate, wakapandishwa treni mpaka kusini mwa Ufaransa, halafu usiku kwa miguu kuvuka milima ya Pyrenees waingie Hispania. Njia hiyo waliiita Comète, na mmoja wa waanzilishi ni binti wa hapahapa Brussels, Andrée de Jongh, wenyewe wakimwita Dédée. Agosti 1941 alitokea kwa konseli wa Uingereza kule Bilbao, Hispania, akiwa na askari mmoja na Wabelgiji wawili, katembea nao mwenyewe, ana miaka 24 kama wewe ambaye shuka zako bado anafua bibi (usinune).

Milimani aliyewaongoza ni Florentino Goikoetxea, mtu wa magendo. Yaani ni njia za panya kabisa, kama zile za Horohoro alizokuwa anapita mjomba ako na sukari, nilipoziona nikacheka peke yangu. Wao walipita gizani na viatu vya soli ya kamba wasisikike, sisi tuliofuata njia yao tulipita mchana kweupe na mabuti na fimbo na bado mi nilikuwa wa mwisho, babu mmoja wa sabini na kitu ananisubiri kila kona na zabibu kavu mkononi, aibu niliyoiona!

Mto Bidasoa, mpakani pale, tulinyamaza. Desemba 1943 maji yalichukua wawili, Mmarekani mmoja na Mbelgiji aliyekuwa kati ya viongozi wa Comète.

Ila kilichonishika ni nyumba. Urrugne, upande wa Ufaransa, kuna nyumba ya shambani ya mjane mmoja, Frantxia Usandizaga, watoto watatu, hapo ndo walikuwa wanapumzika kabla ya kupanda. Januari 1943 mvua zikazidi, mto haupitiki, wakalala kwake, Wajerumani wakaingia wakabeba Dédée na wanajeshi watatu wa ndege na mama mwenye nyumba. Dédée alirudi kutoka kambi za wafungwa za Wajerumani, baadaye akaenda Kongo na Ethiopia kuuguza wenye ukoma. Frantxia hakurudi.

Mimi nimesimama pale nawaza wale watoto, ile asubuhi uji kawapikia nani. We nilikuacha na miaka sita, lakini ulijua niko wapi, na Jumapili nilikuwa napiga.

Basi huyo ndo ananihusu.

Mabuti nitayatuma Desemba, namba 42, ukivaa soksi mbili yatakukaa. Bibi mwambie mguu uko sawa, habari ya beseni achana nayo.

Mama