Barua kwa Kalunde, kabla hujaingia porini

Mwanangu Kalunde,

Shikamoo yako imenifikia kupitia simu ya mdogo wako, marahaba. Huku hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, na hilo unalijua.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unakata. Mdogo wako imemtoka, hakukusudia, kwamba ile fomu ya afya ya chuoni, pale penye swali la mzio, uliandika "hapana". Na kwamba wiki ijayo mnaingia porini kurina asali kwa vitendo, usiku, siku tatu. Hapana, Kalunde? Ile siku ya mzinga wa kwenye mti wa mtundu siisimulii. Ulikuwepo kuliko sisi sote.

Waambie. Barua yote ni hiyo, mengine ni maelezo.

Daftari ulilolisahau Pasaka ninalo. Jioni nalisoma kwa sauti, mama yako anachambua maharage. Nimerina miaka thelathini na sikujua kama nyuki ana macho matano, mawili makubwa ya pembeni na matatu madogo utosini. Sikujua kama mabawa ni manne, ya nyuma yamejishikiza kwenye ya mbele kwa vijindoano, ndiyo maana sisi tunayaona mawili. Na nta nilidhani anaiokota kwenye miti kama anavyookota ile gundi yake. Kumbe inamtoka mwenyewe, chini ya tumbo. Sikuamini. Nikachukua mmoja aliyekufa mlangoni kwa mzinga, nikamlaza chali kwenye kifuniko cha sufuria, nikavaa miwani ya mama yako na kuwasha tochi. Yapo! Vipande vyeupe vyembamba kama magamba ya dagaa, vimechomoza katikati ya pingili za tumbo. Nilimwita mama yako aje aone, akasema nimpe miwani yake.

Ukurasa wa madume aliupenda yeye. Kwamba dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa, kwa hiyo hana baba, ila babu anaye. Akauliza, sasa huyo babu mahari alipokea kwa nani.

Nimeona pia wino mwekundu wa mwalimu pale ulipoandika kwamba malkia hutoka siku ya 16 tangu yai litagwe, kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, ya 21, dume ya 24, halafu ukaongeza kwa penseli kwamba vibarua wetu wa Afrika huwahi siku moja au mbili. Mwalimu kaandika "vizuri sana". Jirani nimemwonyesha. Nimemwonyesha na mwenyekiti wa kitongoji pia, alikuja kwa mambo mengine.

Lile la chakula limenikalisha. Yai la malkia na yai la kibarua ni yale yale, mabuu wote wananyonyeshwa maziwa ya nyuki siku tatu za mwanzo, halafu mmoja aliye kwenye kile chumba kinachoning'inia kama ganda la karanga ndiye anayeendelea kupewa hayo hayo mpaka mwisho. Wenzake wanageuziwa chavua na asali. Ile miaka miwili uliyokaa nyumbani kaka yako amalize kwanza, hukuwahi kuniuliza. Nashukuru hukuuliza.

Sasa ukurasa wa mwiba. Umeuchora vizuri kuliko yote, vijino vyake kimoja kimoja, na mfuko wa sumu juu yake. Umeandika kwa mkono wako kwamba wa malkia ni laini, dume hana kabisa, wa kibarua unanasa kwenye ngozi ya mtu na kumchomoka na kipande cha utumbo. Umeandika kwamba mwiba uliochomoka bado una misuli na fundo lake la neva, unaendelea kupiga sumu wakati mwenyewe keshaanguka, na kwamba sumu karibu yote inaingia kabla dakika haijaisha. Umepigia mstari: "utolewe mara moja kwa njia yoyote". Mwenye mkono huo ndiye aliyeandika "hapana" kwenye fomu. Ndicho kinachoniudhi. Kama ungekuwa hujui ungesamehewa, lakini unajua, tena umechora.

Mimi nyuki wamenizoea, nikiumwa kumi navimba kidogo nalala. Nilidhani mwili wa mrina unarithiwa kama pua. Mganga wa zahanati alinieleza siku ile ile kwamba sivyo. Wapo ambao mwili ukiumwa mara nyingi unazoea, na wapo ambao unazidi kuichukia ile sumu, na watoto wa warina wanaoumwa mara moja moja nyumbani wanaangukia huko kwa urahisi. Akasema ukishawahi kuvimba midomo na kubanwa pumzi mara moja, mara ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza, na nyuki mmoja anatosha. Mmoja, mama. Wala si kundi.

Kitunguu nilichokupaka hakikuwa dawa. Na baiskeli ilikuwepo.

Najua pia ile "nyuki hawamjui mtoto wa mrina" uliipata kwa nani. Basi iache huku huku.

Unaogopa watakurudisha nyumbani. Hawatakurudisha kwa kusema ukweli, na wakitaka kukurudisha nitapanda basi nije niongee nao. Kazi ya nyuki si kupanda mti tu. Kuna kuchuja, kuna nta, kuna kuangalia hizo neva kwa darubini, na sijaona anayechora kama wewe. Lakini waambie kabla ya gari kuondoka, usingoje mfike porini.

Ukienda, usivae nyeusi. Zipu ya shingoni mwenzako akukagulie, usijikague mwenyewe. Ndizi mbivu usile siku hiyo, si umeandika wewe kwamba harufu ya hatari anayoitoa nyuki akiuma inanukia kama ndizi, na wenzake wakiisikia wanafuata pale pale? Ukiumwa jipulizie moshi hapo hapo kuiua hiyo harufu. Viganja vikianza kuwasha au ulimi ukiwa mzito, sema kwa sauti, usiende kujificha nyuma ya mti uone kama itapita. Ile sindano ya adrenalini, mganga alisema inapigwa paja, upande wa nje. Uliza nani atakuwa nayo. Jina lake unitumie. Kama hakuna mwenye nayo, wewe baki kambini upike, na wakikucheka wakucheke.

Ya nyumbani ni haya. Yule mbuzi mweusi kazaa pacha, mmoja ni wako. Bati la jikoni limeng'oka tena, nimeliwekea jiwe. Mizinga miwili ya gome imeliwa na mchwa, nitachuna mingine. Mdogo wako anadai viatu na ada kwa pamoja, nimemwambia achague.

Kondakta nimempa kiroba, ndani kuna karanga, unga, na chupa ya asali iliyofungwa kwa nailoni, ishike wima. Daftari lipo, nimelizungushia gazeti. Kwenye ukurasa wa mwiba utakuta karatasi ya zahanati ya siku ile, ina muhuri, mpe mwalimu. Ilikuwa ndani ya debe la nta muda wote huu. Mama yako alikuwa anaitafuta, nikamwambia imepotea.

Baba yako.