Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Aprili 2024 hadi Machi 2025

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Kwa niaba ya kamati tendaji nawashukuru mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja, na nawashukuru zaidi waliokuja na ada mkononi. Mahesabu nimemwachia mweka hazina. Karatasi yake mnayo, na maswali ya fedha mtamuuliza yeye baada yangu.

Kipindi tulichokimaliza kilikuwa cha uchaguzi wa serikali za mitaa, na mwaka huu ni wa uchaguzi mkuu. Kwa chama cha wakazi kama chetu, chenye makada wa vyama tofauti wanaokaa benchi moja, misimu ya namna hii ina raha yake na karaha yake. Raha ni kwamba watu wanasikiliza. Karaha ni kwamba kila unalosema linatafutiwa rangi. Tulipobandika karatasi ya sifa za mpiga kura, kuna aliyetaka kujua tumetumwa na nani. Tulipobandika ya sifa za mgombea, mtu wa upande wa pili akatuuliza swali lilelile. Nadhani hapo tulikuwa sawasawa.

Ninalotaka tulijadili leo ni moja, mengine yote ni nyongeza: nguvu za chama hiki zihame kutoka siku ya kura kwenda kwenye mikutano ya mtaa na kwenye msimu wa bajeti. Nitaeleza kwa nini.

Kadi na orodha

Oktoba nzima tulikuwa tunaeleza jambo moja ambalo lilipaswa kuwa jepesi. Uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa ulifanyika nchi nzima tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024, chini ya TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Orodha ile ni ya mtaa. Unakwenda kituoni kwenye mtaa unaoishi, jina linaandikwa, unaweka saini, umemaliza. Hakuna kadi. Daftari la Kudumu la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ni kitu kingine kabisa: lina mashine, picha, alama za vidole na kadi, na hapa mkoani Tanga liliboreshwa tarehe 13 hadi 19 Februari 2025, wakati uchaguzi wa mitaa umeshapita.

Sasa mweleze hayo mama anayekaanga vitumbua barabara ya kumi na mbili, alfajiri, wateja wamemzunguka. Dada yetu wa kamati ya elimu alijaribu. Mama akafuta mikono kwenye khanga, akachomoa kadi yake ya 2020 nyuma ya simu, akaibwaga mezani. "Hii ni nini? Si ya kura hii?" Akajibiwa ni ya kura, ila si ya kura hii ya mtaa. "Kwani tuna serikali ngapi?" Wateja wakacheka, lakini swali lilikuwa la maana, na dada yetu ilibidi aanze mwanzo: huyu anasimamiwa na huyu, yule na yule. Yule mama alikwenda kuandikwa. Wapo wengi waliobaki na imani na kadi zao, na tarehe 27 Novemba wakafika kituoni wakakuta majina hayapo.

Kundi la pili lilikuwa wapangaji. Vijana wengi wa Ngamiani na Makorora wamepanga chumba kimoja, kwao ni Pongwe, Muheza au Korogwe. Kuwaambia "jiandikishe unapoishi" hakukutosha, kwa sababu wengi hawahesabu kwamba wanaishi pale, wanasema wamejishikiza tu. Mwenyekiti wa mtaa wanamjua siku wanapotaka barua ya utambulisho, ya kitambulisho cha taifa (NIDA) au ya kumdhamini ndugu aliyekamatwa, wagongewe muhuri waondoke. Kijana mmoja wa bajaji alisema wazi kwamba kodi yake inakwisha Januari, kwa hiyo kumchagua mwenyekiti wa mtaa ule ni kumchagulia mwenye nyumba. Sikuwa na jibu zuri la kumpa, na bado sina. Nadhani wapangaji wanastahili mkakati wao peke yao, na katibu ameandaa rasimu.

Kitaifa walioandikishwa walikuwa 31,282,331. Ni wengi. Lakini orodha zilipobandikwa ili watu wakague majina na kuweka pingamizi, kwenye mitaa tuliyopita waliosimama kusoma walikuwa wachache mno kuliko waliopanga foleni ya kuandikwa. Orodha ambayo hakuna aliyeikagua inakuja kulalamikiwa siku ya kura, na siku ya kura msimamizi hana la kukufanyia.

Msimamo wangu binafsi, ambao naomba mkutano uamue kama uwe wa chama, ni kwamba raia apewe daftari moja. Sheria ya Tume ya mwaka 2024 imeshafungua mlango wa Tume kusimamia uchaguzi wa mitaa, kwa kutegemea sheria itakayotungwa na Bunge. Mlango ukifunguliwa na mtu asiingie, haina maana. Tunaye mbunge, tunao madiwani. Hilo ni jambo la kuwaandikia sasa, kabla hawajaingia kwenye kampeni.

Kuhusu kura yenyewe nitakuwa mfupi. Ilikuwa siku ya mapumziko, vituo vilifunguliwa saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, na safari hii mgombea aliyebaki peke yake alipigiwa kura ya ndiyo au hapana badala ya kupita bila kupingwa. Hilo ni hatua, tukikumbuka 2019, vyama vikuu vya upinzani vilipojitoa na kura nyingi zikakosa maana. Chama cha Mapinduzi kilitangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 98 ya mitaa ya nchi nzima. Tunao wanachama wanaoona ushindi ule ni halali kabisa, na tunao wanaoona wagombea wao walienguliwa mbio hazijaanza. Kikao chetu cha Desemba kilisikika hadi barabarani. Kamati haikutoa tamko, kwa sababu katiba ya chama inatuzuia kuingia kwenye matokeo. Haituzuii kusema juu ya utaratibu, na hapo nasema: mgombea akienguliwa, sababu ibandikwe pale pale lilipobandikwa jina lake, kwa maneno ambayo jirani yake anaweza kuyasoma akayaelewa.

Mtaro

Uchaguzi umekwisha, mwenyekiti amepatikana, kamati ya mtaa imeapishwa. Halafu?

Katika mtaa mmoja, ambao siutaji kwa sababu uongozi wake ndiyo kwanza umeanza, mkutano wa robo mwaka uliitwa baada ya swala ya Alasiri kwenye uwanja wa shule ya msingi. Watu walikuja kwa ajili ya mtaro. Mvua za vuli zilikuwa zimeujaza mchanga na chupa, maji yakaingia vyumbani. Aliongea wa kwanza, wa pili, wa tano, kila mmoja na hasira yake, na yote yalikuwa kweli. Mwenyekiti akasema limepokelewa, atalifikisha. Watu wakaanza kukunja majamvi.

Mzee wetu mmoja, karani mstaafu wa bandari, akainua mkono akamwomba mtendaji wa mtaa, aliyekuwa anaandika muhtasari, asome alichoandika. Mtendaji, kwa uungwana, akasoma: "Wananchi walilalamikia mtaro." Basi. Saa nzima ya maneno imekuwa sentensi moja. Mzee akaomba iandikwe upya, na akakaa karibu naye kwenye kiti: mtaro unaanzia wapi unaishia wapi, karavati lililovunjika liko mbele ya nyumba ya nani, lilivunjika lini, nyumba zipi ziliingiliwa na maji, nani anapeleka muhtasari kwenye kata na atarudisha jibu mkutano gani. Waliokuwa wamesimama wakarudi kukaa, maana kila mmoja alitaka nyumba yake itajwe.

Muhtasari ule ulikwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Uchafu ulizolewa kwa nguvu za wakazi wenyewe. Karavati limeingia kwenye mapendekezo ya kata. Halijajengwa, na sitawadanganya kwamba litajengwa mwaka huu. Ila sasa anayeuliza habari zake anauliza kwa kutaja ukurasa.

Tulijifunza pia pale kwamba nusu ya maswali yalikuwa yanaulizwa kwa mtu asiyehusika. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo. Maji ni ya mamlaka ya maji. Nguzo na taa zina wenyewe. Halmashauri ya Jiji inashika masoko, taka, shule, zahanati, leseni na ushuru. Mtendaji wa mtaa ameajiriwa na halmashauri, ila mwananchi anamwona ndiye serikali yote, anambebesha hadi umeme uliokatika. Tumechapa karatasi moja inayoonyesha nani anashughulikia nini, na tungependa kila mtaa uibandike kwenye ubao wa matangazo. Jiji lina kata 27 na mitaa 181. Karatasi si gharama, gharama ni miguu ya kuzipeleka, kwa hiyo wenye baiskeli wajiandikishe kwa katibu.

Hapa niingize jambo dogo la pembeni, kwa kuwa limeulizwa. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua miundombinu, na mwananchi wa kawaida aliruhusiwa kununua. Baadhi yenu mlinunua. Mnadai riba yenu, sawa, lakini kuikopesha mamlaka fedha hakukupi kiti kwenye kikao cha kata. Mkutanoni bado mnatakiwa.

Msimu

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo Bunge linakaa kuanzia Aprili, na kabla ya Bunge, Baraza la Madiwani linakuwa limeshapitisha makisio ya Jiji. Kabla ya Baraza ni kata, na kabla ya kata ni mtaa. Anayepeleka ombi la darasa mwezi wa Mei anaongelea mwaka mwingine, hata kama hajui, na hakuna anayemwambia. Ndiyo maana napendekeza kalenda yetu ianze Oktoba: vikao vidogo vya kuibua vipaumbele, kila mtaa wenye tawi letu upeleke mambo matatu yasiyozidi, yenye maelezo ya kutosha kama ya ule mtaro. Orodha ndefu ya matakwa ni rahisi kuiweka pembeni.

Vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi. Tumeanza kupeleka wanachama kukaa na kusikiliza, na viti vya wananchi vina nafasi ya kutosha. Mnakaa kimya, mnasikia nani amesimama kuuliza na nani amekaa kikao kizima bila kufungua kabrasha. Kwa mwaka ambao madiwani wanaomba tena kura, hiyo ni elimu ambayo jukwaa la kampeni haliitoi.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na imerejea mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Vikundi vinavyohitaji vimwone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Chama hakikopeshi na hakidhamini, tafadhali msiendelee kumpigia simu mweka hazina usiku.

Yanayoombwa kwa mkutano huu

Oktoba tunachagua rais, mbunge na diwani. Kamati inaomba idhini ya kuandaa mdahalo wa wagombea udiwani katika kila kata yenye wanachama wa kutosha, kwa sharti moja: maswali yatoke kwenye mihtasari ya mitaa ya kata hiyo. Mgombea asiulizwe ana mpango gani na maendeleo, aulizwe karavati. Wagombea wa vyama vyote waalikwe kwa barua ya tarehe moja, na atakayekataa kuja tutangaze tu kwamba alialikwa.

Kamati inaomba pia kuwa na karani mmoja wa kujitolea kwa kila tawi, kazi yake ikiwa kuhudhuria mkutano wa mtaa na kuomba muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika. Si lazima awe msomi. Awe na mwandiko unaosomeka na asiwe mgombea.

Mwisho, nafasi za katibu msaidizi na wajumbe wawili wa kamati ziko wazi. Fomu anazo katibu pale mlangoni, karibu na birika la chai, na zinarudishwa kabla ya adhuhuri ili kura ipigwe leo leo. Wapangaji wanaruhusiwa kugombea.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Tanga, Machi 2025