Tusiishie kumuuliza mama kama ananyonyesha

Mhariri,

Katika kliniki za mama na mtoto hapa Tanzania, mama aliyejifungua anaweza kupewa kauli mbili zinazopingana. Mhudumu mmoja humwambia kwamba maadamu ananyonyesha hawezi kushika mimba. Mwingine humwambia kunyonyesha si njia ya uzazi wa mpango hata kidogo. Mimi ni mkunga, na naziona kauli zote mbili kuwa zinawaumiza tunaowahudumia.

Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba kunyonyesha humpa mama kinga ya zaidi ya asilimia 98 iwapo mambo matatu yapo kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, na hajatimiza miezi sita. Likikosekana moja tu, mama anahitaji njia nyingine bila kuchelewa. Kinachozuia yai kupevuka ni kule kunyonya kwenyewe, usiku na mchana, na ndiyo maana tunashauri isipite zaidi ya saa nne mchana au saa sita usiku bila mtoto kunyonya.

Kwa hiyo swali la “unanyonyesha?” tunaloliuliza huku mtoto yuko kwenye mzani halitoshi. Kila mama atajibu ndiyo, akiwemo yule ambaye mwanawe anapewa maji, dawa ya mchango na uji mwepesi ambao bibi amesisitiza. Tumuulize tangu jana mtoto amepewa nini kinywani, usiku amenyonya mara ngapi, na kama mama ameona damu baada ya wiki nane za kujifungua. Mama huyo akishika mimba mtoto akiwa na miezi mitano, majirani watasema amembemenda, naye kwa hofu atamwachisha ziwa ghafla. Hapo aliyeponzwa na ushauri wetu wa nusu ni mtoto.

Nafasi ya kuuliza tunayo, kwa kuwa mtoto huletwa kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ningeomba wasimamizi wa kliniki waipe uzito wa pekee ile ya wiki 10, hasa kwa mama aliyeajiriwa. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, nazo zinaweza kuanza kuhesabiwa hata kabla ya kujifungua, hivyo kabla ya chanjo ya wiki 14 wengi wamesharudi kazini na mtoto anashinda na dada. Maziwa yaliyokamuliwa yanamlisha mtoto vizuri, lakini kukamua hakumkingi mama kama kunyonyesha kunavyomkinga. Mama huyu aulizwe anarudi kazini lini, na aondoke kliniki akiwa amechagua njia isiyoathiri maziwa yake, kama kitanzi, kijiti au vidonge vya homoni moja, na kujua siku ya kuianza.

Mkunga,
Morogoro